Goti la Mfano

Kwenye gari ya Bububu, mama mmoja mbele yangu alimwambia mwenzake, "Hospitali wamenipa kidude cha kufunga gotini. Kinahesabu nnavyokunja mguu, kinampelekea mwalimu wao wa mazoezi ya viungo kwenye simu."

"Na unakunja, Bi Mwatum?"

"Nikunje na maumivu haya! Nimekifunga kwenye pedeli ya cherehani ya wifi yangu. Yeye anashona, mimi nnasifiwa."

"Huogopi mwalimu atajua?"

"Atajuaje? Hajaja hata siku moja kunitazama."

Nikavuta kofia usoni. Mwalimu ni mimi, na asubuhi ile niliwaonesha wanafunzi hesabu za goti hilo, kwenye skrini, kama mfano wa kuigwa. Gari iliposimama, Bi Mwatum alishuka ubavuubavu, mguu umenyooka kama mchi. Simu yangu ikalia: Bi Mwatum ameshakunja goti mara mia nne leo.