Mwalimu Hajira Zaidi Kibwana, Aliyefuga Samaki Sebuleni

Sisi sote ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake tutarejea. Ndugu, majirani, walimu na wanafunzi mliofika hapa Kibiti leo, Jumanne tarehe 21 Oktoba 2025, familia inawashukuru. Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na mdogo wake marehemu, Maneno Zaidi. Mkiona mahali fulani umekuwa mrefu, vumilieni. Marehemu hakupenda mtu anayelipua kazi.

Mwalimu Hajira alizaliwa Mohoro tarehe 2 Mei 1959, mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Zaidi Kibwana, mkulima wa mpunga, na Bi Siti Mtoro. Alikuwa king'ang'anizi tangu utotoni. Mama yetu alizoea kusema, "Huyu ukimwambia jambo haliwezekani, umemtuma akalifanye." Akiwa na miaka minane alirudi kutoka shambani na samaki wawili wadogo ndani ya sufuria, akawaficha chini ya kitanda. Siku ya tatu nyumba nzima ilinuka. Alichapwa, akalia, halafu akauliza kwa nini walikufa na maji yalikuwemo.

Alisoma shule ya msingi hapo Mohoro kuanzia mwaka 1967 hadi 1973. Hakuchaguliwa kwenda sekondari, maana nafasi zilikuwa za kuhesabu. Alilia siku moja, ya pili akaenda kupanda mpunga. Mwaka 1976 serikali ilipotafuta vijana wa darasa la saba wa kufundishwa ualimu, alikuwa wa kwanza kujiandikisha, na mwaka 1979 akahitimu. Alifundisha Mtunda miaka kumi na miwili, kisha Kibiti hadi alipostaafu mwezi Mei 2019. Somo lake lilikuwa sayansi. Waliopita mikononi mwake wanajua kwamba neno "siwezi" lilikuwa likimpandisha presha kuliko chumvi.

Tarehe 15 Agosti 1981 alifunga ndoa na Bwana Twalha Salumu, mvuvi wa Mbwera. Walijaaliwa watoto wanne: Hadija, Tamimu, Mwajabu na Hemedy. Ilikuwa nyumba ya utani. Mume alimwita mkewe Mwalimu, na mke alimwita mumewe Baba Hadija, na akikasirika, Mwanafunzi.

Sasa tuje kwenye lile tangi, maana hata waliokuja msibani jana walianza kuliulizia kabla hawajaketi. Mwaka 2011 Mwalimu alimpelekea fundi vipande vya vioo, akavigandisha likawa tangi refu kama meza. Alitaka wanafunzi waone viumbe wakiishi, si picha ubaoni. Mzee Twalha alilizunguka mara mbili, akasema, "Mwalimu, mimi maisha yangu yote nawatoa samaki majini, wewe leo unawarudisha?" Hata hivyo akaenda bwawani na ndoo, akamletea.

Samaki wale walikufa. Akaletewa wengine, nao wakafa. Wa tatu vilevile. Tatizo, ndugu zangu, lilikuwa usafi. Mwalimu alilelewa na mama ambaye mtungi wake wa maji ulisuguliwa kila Alhamisi ili Ijumaa iukute unang'aa. Basi na yeye kila Alhamisi alimwaga maji yote ya tangi, akasugua vioo na mawe kwa kumbi la nazi na sabuni, akaanika, akajaza maji mapya ya bomba. Ijumaa tangi linameremeta, Jumamosi samaki wanaelea tumbo juu. Mzee Twalha alisema, "Kama ni kuwaua tu, Mwalimu, mimi nina nyavu." Mtaa mzima ulicheka, na huyu anayesoma alicheka kuliko wote.

Mwalimu hakucheka. Alichukua daftari, akaenda kukaa kando ya bwawa moja kule Mtunda kutwa nzima. Aliona kwamba bwawani hakuna anayesugua mawe. Mawe yana utelezi, majani yamejaa, na samaki wazima. Akarudi na tope la bwawa, akalitandaza chini ya tangi, akalifunika kwa mchanga uliooshwa, akapanda majani ya majini juu yake. Halafu akasubiri wiki tano bila samaki hata mmoja. Wapita njia walichungulia dirishani wakaambiana, "Mwalimu Hajira siku hizi anafuga maji." Aliwaacha waseme.

Wiki ya sita akatia samaki sita, na hao waliishi. Wakazaana. Tangu hapo alikuwa na sheria zake, na ole wako uzivunje: kila wiki maji yatolewe theluthi tu, yasimwagwe yote. Maji ya bomba yalale kwanza kwenye ndoo, dawa iliyomo ipungue. Majani yapate mwanga wa asubuhi, na chakula kiwe cha kudokoa, kwa sababu kinachobaki kinaoza. Wanafunzi waliingia sebuleni kwake kumi kumi, wakaona jani likitoa mapovu juani, wakaelewa kwa macho yao kile walichokuwa wakikariri.

Presha ilimsumbua kwa muda mrefu, na mwezi Novemba 2023 madaktari waligundua kwamba figo zimechoka. Ilitakiwa asafishwe damu mara tatu kwa wiki Dar es Salaam, akae kwa Hadija Mbagala. Alikataa. Familia ilikaa kikao, akauliza swali moja: "Nani atabaki na samaki?" Mdogo wake Maneno alipandwa na hasira, akasema, "Dada, unapima samaki na roho yako?" Akajibiwa, "Nimeshindwa mara tatu mkanicheka. Sasa kile kitu kinaishi. Sikiachi kife ili mimi nikalale kitandani." Mzee Twalha, ambaye hata jembe la mkewe hakuwahi kulishika, akasema, "Nenda. Nitakaa nao mimi."

"Haya," Mwalimu akasema. "Lakini wakifa wote narudi nyumbani, na huko hospitali hamnioni tena." Hakuna aliyedhani anatania.

Alianza matibabu Januari 2024. Kila siku baada ya adhuhuri alipiga simu, na kabla hata ya salamu aliuliza, "Samaki wangu?" Mzee Twalha alijibu kama mtoto anayesomewa majina darasani. Mambo yalikwenda vizuri hadi Idi ya mwezi Aprili. Siku hiyo mzee alikula peke yake, upweke ukamwingia, akaona si haki samaki wakose sikukuu. Akawamwagia nusu sahani ya pilau.

Kesho yake maji yalikuwa meupe kama tui la nazi. Samaki watatu walikuwa wanaelea, na waliobaki walikuwa juu wakitafuta hewa. Mwaka ule Mohoro ilikuwa imefurika, watu wana mto mlangoni, na shemeji yetu anahangaika na maji ya tangi moja. Lakini wote tulijua kilichomo ndani ya tangi lile. Wakifa wale samaki, Mwalimu anaacha kusafishwa damu, na akiacha tunamzika. Mzee Twalha alikuja kwa Maneno. Maneno alimshauri aseme kwamba wote wazima. Mzee akasema, "Miaka arobaini na mbili sijamdanganya, shemeji. Nianze sasa?" Akapiga simu, akaeleza yote, pilau na nyama zake.

Mwalimu akaanza: "Toa kila punje ya wali. Chota theluthi. Nasema theluthi, Baba Hadija, usimwage yote! Kesho theluthi nyingine. Chakula marufuku wiki nzima. Pazia lifunguliwe, majani yafanye kazi." Mikono ya mzee ilikuwa inamwasha kumwaga na kusugua kwa sabuni, lakini alitii. Siku nne hakutoka nyumbani isipokuwa kwenda kuswali. Siku ya tano maji yakaanza kuonyesha mchanga. Kati ya samaki kumi na tisa walikuwa wamebaki watano, na alimwambia idadi hiyo hiyo bila kuongeza hata mmoja.

Mwalimu akasema, "Watano si wote." Asubuhi yake akaamka, akaenda kusafishwa damu. Hakukosa siku hata moja kwa mwaka mmoja na nusu uliofuata, na kwa muda huo tunamshukuru Mwenyezi Mungu, kisha tunamshukuru Twalha. Huko hospitali aliwachekesha wauguzi kwamba na yeye anabadilishwa maji kidogo kidogo.

Mwezi Agosti mwaka huu aliletwa nyumbani kwa siku moja. Alikaa mbele ya tangi, akakagua majani, akahesabu samaki, akafika ishirini na mbili. Mzee Twalha alisimama pembeni hana raha. Mwishowe Mwalimu akapitisha kidole. "Kioo kwa nje kina vumbi," akasema. Waliomfahamu wanajua hiyo ilikuwa alama mia kwa mia.

Jumapili iliyopita, tarehe 19 Oktoba, alipiga simu baada ya adhuhuri kama kawaida. Mzee akawa tayari na hesabu yake. Lakini Mwalimu hakuuliza samaki. Alisema, "Baba Hadija, umekula?"

"Bado," mzee akajibu.

"Basi ukale."

Mzee alielewa. Hakugusa chakula. Alivaa kanzu akaenda stendi, na jioni alikuwa kando ya kitanda ameushika mkono wake. Mwalimu Hajira alifariki dunia Jumatatu tarehe 20 Oktoba 2025, saa mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, ndugu watatu, na wanafunzi aliowafundisha kwa miaka arobaini ambao hatuwezi kuwahesabu. Akina mama waliotaka kumwaga tangi ili mikeka ienee, tunawashukuru kwa nia njema, ila halimwagwi. Mikeka itatandikwa nje.

Tangu Jumapili Mzee Twalha alikuwa hajatia kitu mdomoni, na aliyemsihi aliambulia patupu. Leo asubuhi, kabla jeneza halijatolewa, aliomba uji. Akanywa bakuli zima mbele ya mkewe. Amekula, dada.

Mola amsamehe alipoteleza, ayapokee mema yake, na ampe pumziko la amani. Amin.