Method Byabato, Aliyekataa Wimbo wa Sita Ukatwe

Waliokuwapo studioni, Dalston, London, Jumamosi tarehe 15 Juni 1996, walikuwa hawa: Bwana Ghislain Mbuyi wa Bukavu, kwenye piano, Bwana Leonard Askew, Mwingereza, kwenye besi, Bwana Himid Matar wa Wete, Pemba, kwenye ngoma, fundi wa mitambo, ambaye jina lake kwa bahati mbaya sikulipata, mimi Fortunat Mutembei, niliyekaa mlangoni na makoti ya wenzangu, na marehemu shemeji yangu, Method Anselm Byabato, na saksafoni yake. Ninaanza na siku hiyo kwa kuwa dada yangu, mjane wa marehemu, ameniagiza hivyo.

Method alizaliwa tarehe 14 Februari 1935, Rubya, wilaya ya Bukoba, mtoto wa tatu wa Mzee Anselm Byabato na Mama Emerensiana, akasoma shule ya misheni hapo hapo Rubya hadi darasa la nane, na mwaka 1955 akaingia bendi ya polisi Dar es Salaam, alikofundishwa klarineti, kisha saksafoni, na alikokutana na Himid, mpiga ngoma kubwa. Tarehe 28 Julai 1962 alifunga ndoa na dada yangu Winifrida katika kanisa la Rubya, wakahamia London mwaka 1968, wakajaliwa watoto wawili, Annonciata na Kizito, wakakaa Hounslow, kwa sababu Method alifanya kazi ya mizigo uwanja wa ndege wa Heathrow mpaka alipostaafu mwaka 1995.

Hakuwa mtu wa kutulia. Alikula amesimama, alishuka basi kituo kimoja kabla ya chake, na kanisani vidole vyake vilibonyeza benchi, kitabu cha nyimbo, hata mkono wa mkewe.

Albamu waliyorekodi siku ile ina nyimbo sita. Tano za kwanza ni jazi ya mwendo wa kukazana, ambayo hata mimi niliweza kuifuata kwa mguu, wote wanapiga wimbo, kila mmoja anapata zamu yake, kisha wote wanaurudia wimbo na kumaliza. Wa sita ulianza hivyo hivyo, ila haukumalizika.

Nieleze kwa wasioijua bendi ya polisi. Huko hakuna anayeacha kupiga mpaka mkuu wa bendi atoe ishara kwa fimbo, mpiga ngoma kubwa akiiona anapiga mara mbili, ndipo wote wanakata pamoja. Siku ile mkuu alikuwa Method mwenyewe, lakini kwa kuwa katika bendi alikuwa mpigaji tu, alifumba macho akisubiri ngoma, naye Himid, macho yamemtoka, akasubiri ishara. Basi wakaendelea, mwendo ukavunjika, piano ikashika njia yake na besi yake, saksafoni ikapiga kelele ambazo sikuwahi kuzisikia kwake, mpaka fundi alipoingia mwenyewe na kuinua mikono.

Method alisema hajawahi kupiga vizuri kama pale, na tangu siku hiyo alidai kwamba walikusudia. Himid alisema ni aibu, kwamba askari yeyote wa bendi aliye hai akisikia atasema mpiga ngoma alilala. Kampuni ndogo iliyotaka kuitoa santuri ilisema kwao ni sawa mwisho ule ukikatwa au ukibaki, mradi wapigaji wote wanne wakubaliane. Ghislain na Bwana Askew walikubali ubaki, Himid akakataa, Method akakataa kuukata, na santuri haikutoka.

Kwa miaka saba Method alivuka London baada ya misa, kutoka Hounslow hadi Thamesmead, kumbembeleza Himid, mara nyingi nikiwa naye, na Bi Nusra, mke wa Himid, alitupa chai na kutuacha na ugomvi wetu. Himid alimwita bwana mkubwa asiyejua kushusha mkono, Method alimuuliza kama Pemba nzima hakuna anayeweza kuhesabu mpaka mbili. Mwanzoni walicheka, baadaye hawakucheka. Kizito alimshauri baba yake, kwa Kiingereza kama kawaida yake, aurekodi upya na mtu mwingine. Method alijaribu wapiga ngoma watatu, wote hodari, na kila mmoja alijua wakati wa kuacha. Alirudi nyumbani akazunguka sebuleni na koti mwilini.

Oktoba 2003 aligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu. Ijumaa tarehe 27 Februari 2004 Himid alikuja hospitali, wakabishana mpaka nesi akawaomba wapunguze sauti. Kisha Himid akaeleza kwamba Bi Nusra alikuwa ameweka kanda ya studio jikoni, naye akausikiliza wimbo wa sita kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

“Mle mie sikulala,” alisema. “Nilikuwa nakutafuta wewe. Utoeni wote. Ila usinambie tena kwamba tulikusudia.”

Method aliinua mkono juu ya shuka, kisha akaushusha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Hounslow waliotuletea chakula, wenzake wa Heathrow, Bwana Askew, Bwana Ghislain, na Bwana Himid na Bi Nusra, waliokuja kila siku tangu hapo. Shemeji, lala sasa, ingawa hukulizoea jambo hilo.

Santuri itatoka mwezi wa Mei, nyimbo zote sita. Method Anselm Byabato alifariki Jumanne tarehe 9 Machi 2004, mchana.