Damu Iliyopigiwa Vigelegele

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Jioni hii tunamkumbuka Béatha Kanyange, mshonaji wa Nyakabanda, aliyezikwa Jumanne. Nitataja mambo ya wanawake waziwazi. Wanaume, msizime redio, yanawahusu.

Béatha alijulikana kwa sare za shule na kwa ulimi wake. Mteja akilalamika kuwa gauni linabana, yeye humjibu, "Gauni halijanenepa, mama." Lakini nyumbani alikuwa mnyonge. Yeye na mumewe, Eustache, hawakujaliwa mtoto, na ndugu za mume walishaanza kutaja mke wa pili.

Alipokaribia miaka hamsini, hedhi ilikoma. Joto likawa linampanda ghafla kifuani hadi usoni, jasho linadondokea vitambaa vya watu. Akadhani ni malaria. Alimeza vidonge, joto likarudi palepale. Hakuna aliyemwambia kwamba ule ni ukomo wa hedhi, kwamba si ugonjwa, na kwamba kwenye zahanati angepata msaada. Alijifungia ndani akalia, maana tumaini la mtoto lilikuwa limekwisha.

Mwaka jana, 1992, baada ya muda mrefu bila hedhi, damu ilirudi.

Dada yake, Mukabalisa, alitoka Kabuga na mtungi wa pombe ya mtama, akapita vizuizi vyote vya askari wa vita hivi akiwa ameupakata. Majirani wakapiga vigelegele. "Mimi nilimwambia, dada, Mungu iko nakukumbuka," anasema Mukabalisa. "Tuliimba mpaka sauti zikatukauka."

Béatha akashona kijishati cheupe cha mtoto. Lakini damu haikuwa na mpango. Ilikuja, ikakatika, ikaja tena na harufu mbaya, na kiuno kikamuuma. Eustache alimsihi waende hospitali.

"Alikataa kabisa," anatueleza Eustache. "Aliniambia, daktari atanipa dawa ya kuikausha, halafu huyo mtoto nitampata vipi?"

Alipokubali, alibebwa kwa machela. Daktari akawaambia ni saratani ya mji wa mimba, na imeshaenea. Ile damu haikuwa hedhi. Narudia, haikuwa hedhi. Kile kijishati amezikwa nacho.

Inauma, wasikilizaji wapendwa. Inauma na inakasirisha, kwa sababu wote waliompenda walikuwepo na hakuna aliyejua.

Basi mama unayesikiliza, ikiwa hedhi imekoma mwaka mzima, kisha ukaona damu, hata tone moja, nenda ukapimwe. Joto na jasho navyo kaulize, usikae navyo kimya. Nanyi waume, wasindikizeni.

Tunakupa pole, Eustache. Pole, Mukabalisa, na wote wa Nyakabanda na Kabuga. Mungu ampumzishe Béatha.

Tulipomuuliza Mukabalisa kama tulifiche jina lake, alijibu, "Hapana. Mulitaje. Semeni ni Mukabalisa ndiye alianzisha wimbo."