Benchi Halitoki

Kijiwe chetu kimekaa juu ya mfereji. Sisemi kando ya mfereji, nasema juu yake: ubao mmoja mrefu, miguu minne ya chuma, na miguu yote imezama kwenye zege lililomwagwa juu ya mfuniko wa mfereji mkuu wa mtaa. Aliyelimwaga ni Fundi Zege, ambaye sasa hivi amekaa mwisho wa benchi akipuliza kahawa. Kulia kwake yupo Seneta, mtu aliyevaa kofia za vyama vinne na kuteuliwa na kimoja tu, awe mlinzi wa lango. Chini ya mwavuli wa pembeni yupo Bi Vocha, anayeuza vocha za simu na kugawa habari za watu bure. Anayemimina ni Birika. Na mimi ndiye Digrii. Afya ya mazingira, shahada ya upper second, miaka minne nikisoma mifereji, na kazi pekee ya fani yangu niliyopata mpaka leo ni kukaa juu ya mmoja. Nyuma yetu kuna mlango wa chumba alichokuwa akiishi na kushonea dada yake Birika. Mvua za mwaka jana mfereji ulikataa kumeza, maji yakarudi, yakaingia mle, na kipindupindu kikaingia nayo. Tulimpeleka hospitali kwa mkokoteni. Mkokoteni ulirudi mtupu. Tangu hapo tukikaa tunautazama mtaa, mlango hatuutazami.

Asubuhi ya leo alikuja Daktari.

Daktari alikuwa mkuu wa afya wa eneo hili, mpaka alipojiuzulu majuzi kwenda kuomba ubunge. Mtu wa buti za mpira. Alianza kwetu kama daktari yeyote, wa kukutazama ulimi na kukuandikia vidonge, hata akachoka kutibu tumbo lile lile kila mvua ikinyesha, akatoka nje kulitafuta linakotokea. Akawa anaingia vyooni mwa watu na tochi. Akawa anachomeka fimbo kwenye mifereji kama anayeipima homa. Mwaka juzi akaamuru benchi litoke, ili mfuniko ufunguliwe na mfereji uzibuliwe. Kijiwe kikamjibu kwa zege. Mimi wakati huo nilikuwa chuoni, nafanya mtihani wa mifereji. Mvua zikaja, yakawa yaliyokuwa, na Daktari akalala na wagonjwa kwenye madarasa ya shule, akatufundisha wote kusalimiana kwa kiwiko. Ugonjwa ulipopoa akatoa amri ya pili: kabla ya mvua za mwaka huu zege livunjwe, na akishindwa kupata wa kulivunja, atakuja na nyundo mwenyewe.

Leo kaja. Nyundo hakuja nayo. Kaja na gari la vipaza sauti na vijana wa fulana. Akatunyooshea mkono, sisi wote kwa pamoja tukampa viwiko, kama alivyotufundisha. Mkono ukabaki hewani, akaichekea kamera ya vijana wake. Kisha akakaa. Akalipigapiga benchi kama mtu anayenunua ng'ombe, akasema: "Benchi hili ni la wananchi. Benchi hili halitoki!"

Tukashangilia. Birika alikuwa anamimina, akamimina hadi kahawa ikajaa kisahani.

Gari lilipokata kona, bunge letu likafunguliwa.

Seneta: Ushindi huo! Wahenga walisema, mwenye nguvu mpishe. Leo mwenye nguvu ametupisha sisi.

Bi Vocha: Mimi swali langu moja tu. Mtu na udaktari wake, mshahara unaingia, koti jeupe linapigwa pasi, anakwenda kutafuta nini kwenye siasa?

Zege: Gari.

Bi Vocha: Gari alikuwa nalo.

Zege: Lile la kubebea dawa? Lile si gari, dada. Lile ni kabati lenye matairi.

Bi Vocha: Basi ni mke. Nawaambia ni mke. Mwanamke gani atavumilia zile buti mlangoni kwake? Kamwambia, baba nanihii, chagua moja, mimi au vyoo vya watu.

Seneta: Nyie watoto wadogo sana. Vyoo ndiyo ilikuwa kampeni yenyewe!

Digrii: Here we go.

Seneta: Wewe nyamaza, hicho Kiingereza hakijakupa hata chai. Sikilizeni. Nyumba gani hapa Daktari hakuingia chooni? Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Mtu akishakiona choo chako, kura utamnyima kwa uso gani?

Zege akafikiri.

Zege: Changu alikisifu.

Bi Vocha: Chako hakina mlango, atakisifuje?

Zege: Alisema kina hewa.

Seneta: Mmesikia? Kina hewa! Hiyo tayari ni lugha ya bungeni. Haya, na yale matone ya chanjo? Watoto wote wa mtaa walipangwa foleni, wakapanua midomo. Nyie mkadhani ni ya kinga ya ugonjwa wa kupooza. Wale watoto watakua, watapiga kura. Siku ya siku wakimwona tu kwenye bango, midomo inapanuka yenyewe.

Digrii: Seneta, mjukuu wako alipewa yale matone, na jana nimemwona anakimbia na kiatu chako kimoja, umemkimbiza umeshindwa. Chanjo ni chanjo. Usitutie uchawi kwenye kahawa.

Seneta: Alikuwa ananikimbiza yeye.

Bi Vocha: Na kiatu chako mkononi?

Seneta: Ndiyo siasa hiyo, mama, huwezi kuielewa.

Zege: Mimi nilishawahi kwenda bungeni.

Kila mtu akamgeukia.

Zege: Kupiga lipu. Kuna dirisha tulikuwa tunalirekebisha, wao wamekaa ndani. Jamani. Nusu wamelala. Nusu wanapiga kelele, huelewi wanaumwa wapi. Mmoja anazungumza peke yake, hakuna anayemjibu. Kuna bwana anapita anagawa karatasi, kila anayepewa anatia saini bila kusoma. Ile ni wodi, kaka. Inakosa dripu tu. Mimi naona Daktari kafanya hesabu, kaona wagonjwa wengi wako kule, kaamua kuwafuata.

Bi Vocha: Na akiambukizwa?

Seneta: Kuambukizwa kwenyewe si ndiko kuapishwa.

Tulicheka. Birika hakucheka. Alikuwa anasuuza vikombe, na kila kikombe alikitazama ndani kama kuna kitu kimebaki.

Digrii: Can I speak? Mimi ndiye pekee hapa niliyewahi kukaa na yule mtu ofisini kwake. Nilikwenda kuomba kazi.

Zege: Akakupa?

Digrii: Ungeniona hapa? Alisema hana nafasi, hata mtu wa kumshikia fimbo ananyimwa. Lakini alinikalisha, akaniambia hivi: "Mdogo wangu, nikiandika dawa, mgonjwa anapona. Nikiandika bomba, karatasi inakwenda kwa mtu ambaye hajawahi kuharisha maishani mwake, anaifanya ya kuwekea kikombe cha chai. Nimechoka kuandika. Nataka nikakae kwenye kile kiti chenye kikombe." Basi. Hakuna mke, hakuna matone. Mtu kazika watu kwa sababu ya mfereji, kaamua kuifuata kalamu inapokaa. Wengine tunaita hiyo public health.

Bi Vocha: Maneno mazuri hayo. Tena yana machozi.

Digrii: Mazuri sana, ndiyo maana yananiudhi! Sasa kiti chenyewe hajakipata, kikombe keshakiweka.

Zege: Kikombe gani tena?

Digrii: Fundi, ulikuwa wapi asubuhi? "Halitoki." Alipokuwa na buti alisema litoke. Kavua buti, halitoki. Mfereji ni ule ule, mimba ya takataka ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mimi na wewe tumekuwa kura. Mgonjwa anaambiwa ukweli, mpiga kura anabembelezwa.

Seneta: Digrii, una wivu wa kukosa kazi.

Digrii: Nina wivu, nina njaa, na nina haki. Vyote vitatu.

Seneta: Hata hivyo, maji yakimwagika hayazoleki. Amri imefutwa, imefutwa.

Hilo neno maji liliangukia pabaya. Tukautazama mtaa. Mtaani kulikuwa na mbuzi mmoja amesimama, tukamtazama vizuri sana, kila mtu sehemu yake.

Seneta, ambaye ukimya humuwasha mwili, akamgeukia Birika.

Seneta: Na wewe umenuna nini? Wewe ndiye ungekuwa unaruka ngoma hapa. Benchi likienda, wateja wanakwenda. Kahawa ungemmiminia nani, mbuzi?

Birika: Nilikuwa namngoja aje alivunje.

Bi Vocha: Unasema nini, kaka yangu?

Birika: Kila nikiwasha mkaa asubuhi nasema, leo anakuja na nyundo. Nitapiga kelele kidogo, mnisikie, msije mkasema Birika kawauza. Halafu nitanyamaza, avunje. Kwa mkono wangu siwezi. Nakula hapa.

Seneta: Sasa si bora? Utaendelea kula.

Birika: Ndiyo. Nitaendelea kula.

Akamimina tena. Zege alikuwa anaangalia chini, penye miguu ya benchi.

Zege: Kokoto nilitia nyingi. Nyie mlisema nitie nyingi, lisije likatikisika.

Birika: Hakuna aliyekuuliza, Fundi.

Zege: Najua.

Hapo ndipo mlango wa nyuma yetu ulipolia bawaba. Huwa hatugeuki, lakini mlango ambao hatujausikia tangu mwaka jana ukilia, shingo haiombi ruhusa. Akatoka mwanamke, kitambaa kichwani, ndoo mkono mmoja, akamwaga maji ya kudekia kwenye tundu la mfereji kando ya miguu yetu. Maji hayakwenda. Yalisimama pale pale, yana povu, yanatutazama.

Mgeni: Habari zenu, jamani. Mimi ndiye mpangaji mpya. Nimehamia asubuhi, kwenye zile kelele za spika.

Seneta: Karibu, mama, karibu sana. Umehamia mtaa wa maendeleo. Hapa kwetu hata benchi lina mtetezi.

Mgeni: Asante, baba. Nashukuru na mwenye nyumba, ni mtu wa watu. Kanipunguzia kodi bila kumwomba. Na ukuta kaupaka rangi, ila sijui iliisha, kapaka chini tu, hapa magotini.

Nilijua rangi haikuisha. Ilifika pale yalipofika maji.

Mwanamke akaweka ndoo chini, akatoa kiberiti mfukoni. Kilikuwa hakina njiti. Kilikuwa na pini.

Mgeni: Nilivyokuwa nafagia nimezikuta kwenye nyufa za sakafu. Pini za kushonea, na nyingi bado nzima. Mtu wa cherehani hupenda pini zake. Nikasema nisizitupe. Hivi aliyekuwa anakaa humu alihamia wapi, nimpelekee?

Seneta, mwenye methali ya kila jambo, aliinama kufunga kamba ya kiatu. Bi Vocha akaanza kuzipanga vocha ambazo zilishapangwa. Zege alikunywa kikombe kitupu. Mimi jibu nilikuwa nalo kwa Kiingereza, yale majibu marefu ya darasani, yenye contributing factors, nikalimeza.

Birika akanyoosha mkono, akakipokea kiberiti. Akakitikisa kidogo karibu na sikio, akakitia mfuko wa shati.

Birika: Nitamfikishia mimi.

Mgeni: Asante, kaka. Mwambie aje siku moja, chumba ni kikavu, nimekisafisha.

Akachukua ndoo akarudi ndani. Mlango akauacha wazi, apate hewa.

Birika: Jamani, kahawa imekwisha.

Seneta: Imekwisha vipi? Birika si hilo linafuka moshi?

Birika: Imekwisha, Seneta. Nyanyuka.

Kuna sauti mtu haibishii. Seneta alinyanyuka na kikombe chake. Nikanyanyuka, Zege akanyanyuka. Birika akainama, akalishika benchi ncha moja, akavuta. Akakunja magoti, akavuta tena mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Nikashika ncha ya pili. Tukavuta wote wawili, mwenye birika na mwenye upper second.

Benchi halikutoka. Kwa hilo mgombea hakudanganya.

Bi Vocha: Birika, baba, kesho utauzia wapi?

Birika: Sijui.

Akajifuta viganja kwenye suruali.

Birika: Fundi, ile nyundo yako iko wapi?

Zege: Nyumbani.

Birika: Ile kubwa?

Zege: Ile kubwa.

Hakuna aliyemtuma. Zege alikiweka kikombe juu ya benchi, taratibu, akavuka barabara kwa mwendo wa mtu anayejua vizuri alichokimwaga.