Koti la Shemeji wa Apondi

Benchi la Kaloleni liliegemea ukuta wa ukumbi wa jamii, ambamo televisheni ya mtaa mzima ilifungiwa ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli mbili. Kila Jumatano asubuhi wenye benchi walikusanyika kunywa kahawa ya Mama Benta na kuuhukumu mchezo wa kuigiza wa Jumanne, kana kwamba waigizaji wangefika wenyewe kuchukua hukumu yao. Mwaka huo wa tisini na mbili chuo kikuu kilikuwa kimefungwa kwa ajili ya mgomo, na Lornah, bingwa wa midahalo wa mwaka wa pili, alijiteua kuwa mwanachama. Leo alifika akiwa amekwisha kukasirika. Jana jioni, mjane wa mchezo, Apondi, alikuwa amesimama sebuleni, wazee wameketi, na shemeji yake ametundika koti msumarini, maana yake: nimekuja kuirithi nyumba pamoja na mwenye nyumba. Mzee mkuu akamuuliza Apondi anasemaje. Apondi akafungua mdomo. Stima ikapotea, kioo cha televisheni kikawa cheusi.

Jumamosi ijayo mashemeji wa Benta mwenyewe walikuwa wanakwenda kwake Otonglo na koti la namna hiyo hiyo. Ilikuwa miezi tisa tangu amzike mumewe. Benchi zima lilijua, wala hakuna aliyethubutu kulitaja. Walimtaja Apondi.

— Alikubali, akaanza Dalmas, fundi wa masofa. Watu walimwita Profesa kwa kumtania, yeye akidhani ni heshima.

— Mliliona lile koti? akaendelea. Vifungo vinne! Mwanamke hawezi kukataa koti la vifungo vinne.

— Mzee Profesa, Lornah akadakia, kwa hiyo anaolewa na vifungo?

— Mtoto wa chuo, tulia. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Hiyo inaingia wapi hapa?

— Inaingia kitandani, yawa! Nyumba ya mjane ina kitanda, kitanda kina mvungu. Unataka nifafanue mpaka wapi?

Wakacheka. Benta akamjazia Profesa kikombe, hakucheka.

Oketch alikohoa. Yeye ndiye aliyechezesha mechi zote za mtaa, na jina lake lilikuwa Rifarii hata kanisani.

— Mimi nasema koti liliingia ofsaidi. Shemeji alilitundika kabla ya wazee kukaa. Nilikuwa natazama miguu. Hilo halihesabiki, lazima kipindi kirudiwe.

— Hapo sasa! Lornah akapiga paja.

— Ngoja. Kirudiwe na shemeji mwingine, yule mdogo mwenye baiskeli. Akishindwa, waende penalti.

— Penalti, Rifarii? Kwa mama wa watu?

— Hamjui kitu nyinyi, Profesa akainuka nusu. Marehemu mumewe Apondi hajafa.

— Tulimwona akizikwa!

— Tuliona sanduku. Mimi mbao naijua. Sanduku lile lilibebwa na watu wanne bila hata jasho la pua. Lilikuwa tupu! Huyo shemeji ndiye mume mwenyewe, kanyoa ndevu, karudi kumpima mke wake.

— Na stima je? akauliza Rifarii. Stima haipotei hivi hivi, mjane akifungua mdomo tu, pap! Kuna mwanaume alikuwa ameshika swichi. Penye wazee haliharibiki neno. Neno lilitaka kuharibika, wakalizima.

Lornah akasimama. Aliposimama hivyo huko chuoni, upande wa pili ulianza kukusanya karatasi.

— Waheshimiwa, mmetazama koti, mmetazama miguu, mmetazama mpaka sanduku la maiti. Mwenyewe Apondi mlimtazama saa ngapi? Alisimama na ungo wake, anachambua mchele. Koti limetundikwa mbele yake, na mkono wake haukusita, aliendelea kutoa mawe. Mwanamke mwenye kukubali angeinua macho! Alikataa, tena alikataa kabla hajaulizwa.

Rifarii akanyoosha kidole kama anayeonyesha katikati ya uwanja.

— Bao, akakiri.

Lornah alikuwa bado anaonja utamu wa bao hilo alipofika Wakhisi, dereva wa lori la miwa kutoka Muhoroni. Zamani aliendesha zamu moja na marehemu mumewe Benta, na kila alipopita mjini alisimama kwa kikombe kimoja. Wakamweleza kesi.

— Kwani hamkuuona mwisho? Muhoroni stima haikupotea.

Benchi zima likamsogelea.

— Alisema nini?

— Alikubali. Alilia kidogo, akalitoa koti msumarini, akalipiga pasi. Majina ya walioutengeneza mchezo yakapita.

— Vifungo vinne! Profesa akapaza sauti hadi kuku wa jirani wakatawanyika.

— Aliyeandika upuuzi huo ni mwanaume! Lornah akafoka.

— Ni mwanamke. Jina lake ndilo lililopita la kwanza.

Lornah akaketi, lakini Wakhisi alikuwa ameshamgeukia mwenye kahawa.

— Mama Benta, nasikia Jumamosi ni zamu yako. Wewe unataka nini?

Swali lilikuwa jepesi hivyo. Lornah alikuwa amekunywa kahawa ya mama huyu wiki tatu nzima, akimtetea kila mjane aliyepata kutokea kwenye kioo, na hakuwa amemuuliza.

Benta alifuta mikono kwa leso.

— Nataka nilale nyumbani kwangu, mlango nimeufunga mimi, na ufunguo nikae nao mimi. Watoto wangu wasihamishwe. Maneno ninayo, wala si marefu. Nisichokuwa nacho ni watu. Mashemeji wanakuja saba. Upande wangu kuna viti vitupu. Nani kati yenu atakuja kukaa?

Profesa akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Rifarii alikumbuka mechi ya Jumamosi. Wakhisi akatazama lori, akasema polepole kwamba miwa haimsubiri mtu. Lornah alifungua mdomo, na safari hii hapakuwa na stima ya kupotea imwokoe. Barua ilikuwa imefika jana: chuo, safari ya siku nzima kwa basi, kinafunguliwa Ijumaa, na atakayechelewa atajieleza mbele ya kamati.

Benta akaanza kukusanya vikombe, bila hasira, kama mtu aliyeijua bei kabla ya kuiuliza.

— Mama, Lornah akasema, kwa sauti ndogo ambayo hata yeye hakuizoea, Otonglo nashukia wapi?

— Na chuo?

— Nitajieleza.

Benta akaviweka vikombe chini.

— Shukia penye posho mill, pale wanaposaga mahindi. Saa tatu uwe umefika. Lakini hizi hotuba waachie wazee hawa. Wewe uje ukae tu. Kusema, nitasema mwenyewe.