Bi Lenzi na Mkimbiaji wa Dhahabu

Baada ya miaka thelathini na minne katika kiwanda chetu cha sarafu, Bi Lenzi anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina hilo alipewa na walinzi wa getini, kwa kuwa mara mbili alitoka kazini lenzi yake ya kukuzia ikiwa bado jichoni. Mumewe anasema ni mara tano.

Alianza kwa kufuta mashine. Miaka sita baadaye alikabidhiwa patasi ya kuchonga mihuri, vile vyuma vinavyogonga picha kwenye sarafu, na tangu hapo karibu kila sarafu ya dhahabu tuliyotoa kuadhimisha michezo ya kimataifa imepita mikononi mwake: waogeleaji, warusha mkuki, hata farasi mmoja ambaye mkia wake unabishaniwa hadi leo kwenye chumba cha chai.

Lakini sifa yake ilitokana na sarafu ya mkimbiaji. Mchoro ulikuwa wake, kamati ilikwisha kuuidhinisha, na sarafu mia nne zilikuwa tayari zimegongwa. Michezo ilibakiza siku kumi na moja kufunguliwa. Siku hiyo walinzi walimwona akitembea koridoni, mkono wa kulia na mguu wa kulia vikienda mbele pamoja. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Hivyo ndivyo alivyomchonga mkimbiaji wake, na hakuna binadamu anayekimbia hivyo.

Hakuna mwingine aliyekuwa ameona. Angeweza kunyamaza. Badala yake aliandika barua ya kukiri kosa na kuiweka mezani kwa meneja, akijua fika kwamba huenda ikamwachisha kazi. Meneja aling'aka kwamba muda hautoshi. Bi Lenzi akachukua chuma kipya na kuanza upya, akichonga picha kinyume, kama ionekanavyo kwenye kioo, maana ndivyo muhuri unavyotaka, vidole vimemvimba. Siku ya tisa alimaliza. Zile mia nne zikarudi tanuruni, na mpya zikafika uwanjani kwa wakati.

Meneja alimpa barua mbili kwa mpigo: ya onyo na ya kupandishwa cheo. Zote mbili amezitundika ukutani.

Muhuri wa kwanza wa mkimbiaji, ule wenye kosa, uliokwaruzwa usitumike tena, umekaa juu ya meza yake miaka yote. Tulitaka kumpa kama zawadi ya kuagwa. Amekataa katakata, anasema sisi ndio tunaouhitaji.

Asante, dada yetu. Pumzika kwa afya njema na furaha tele. Meza yako tutaitunza, na kabla ya kusaini mchoro wowote, kamati nzima itatembea koridoni kwanza.