Jua Halikufika Mlango wa Tatu

Wapendwa, mnanijua: mimi ni yule fundi wa nguo anayetoka nyumbani akiishiwa na uzi tu. Leo mmenitoa nisimame mbele yenu, basi nivumilieni.

Tulihamia hapa mtaani Satellite wakati simu ya mkono ilipoanza kuwa ya kila mtu. Mlango wa tatu, chini. Dirishani tuliona shamba la sukuma wiki. Kisha mwenye shamba akajenga orofa tano, ukuta karibu kiasi cha kumpitishia jirani chumvi bila kuinuka. Nikawa nawasha taa saa nne asubuhi, nashona. Mke wangu akienda kazini Spring Valley, nabaki na binti yetu. Nje ni malori na mtaro wa maji machafu, ningempeleka wapi? Tena nilijisifu: mtoto wangu hana tope hata kwa kidole!

Alifika mwaka na nusu hatembei. Akisimama, miguu imekaa kama mabano. Kule kliniki nesi akaniuliza, "Baba, huyu huwa anaota jua?"

"Dada, kwetu kuna stima."

Hakucheka. Akasema mifupa imelegea kwa kukosa jua. Akampa dawa, akaagiza jua kila siku, la sivyo miguu itabaki hivyo.

Ndugu zangu, nawaambia, nilitafuta jua kama mtu aliyepoteza kitambulisho. Mlango wa paa una kufuli. Keateka wa ploti, mtunza funguo wa nyumba zetu za kupanga, akaniambia, "Fundi, hapa si Mombasa. Mkivunja tangi la maji huko juu nitasema nini?" Nikarudi ndani, nikamkalisha mtoto chini ya balbu, nikalia. Mwanamume mzima, tepu ya kupimia shingoni.

Mama mmoja, yuko hapa na hataki nimtaje, alileta sketi akanikuta hivyo. "Wacha kulia kama bibi harusi. Mimi niko na ua wenye jua. Lete mtoto, na hiyo cherehani pia." Miezi minane nikashona chini ya kamba zake za nguo, wapita njia wakiniita mke mwenza. Nikaitika.

Mama, asante. Nesi, popote ulipo, asante. Binti anatembea. Mguu wa kushoto bado umepinda, na labda utakaa hivyo.

Mkienda kutazama nyumba, msiulize maji peke yake. Ulizeni jua huingia saa ngapi. Mimi nimeuliza ploti kwa ploti hadi Mountain View, nikachekwa. Sijahama, kodi ninayoweza haina jua, na siwezi kubomoa orofa ya mtu. Mlango wa nne kuna mtoto wa miezi saba. Kesho mama yake akikubali, nitabeba wawili, wake na wangu, hadi uani.